Mabubu Waliotia Nanga Fumbwe

Mwenye kinywa haulizi kwa kidole.

Asubuhi mlimsikia Bi Ruzuna wa dukani akiwaambia maneno hayo, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Yule mama mgeni alisimama mbele yenu na miwani yake, nanyi mkaanza kumhesabia bei kwa vidole, mmoja anainua vitatu, mwingine vitano. Kisha akawauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chenu, kama mkate ni wa jana au wa leo.

Sasa mnataka kujua msemo ule umetoka wapi. Kaeni, ila msinizibie mwanga, nisije nikakosea kusuka ukili wangu wa mkeka. Nitawapa kama nilivyopewa na shangazi yangu Mwanasiti. Methali hii ilizaliwa na jahazi lililopotea, na mwanamke aliyechimbiwa kaburi angali anapumua.

Zamani hizo meli za moshi hazijafika pwani yetu. Palikuwa na nahodha wa Pangoni akiitwa Shekue. Alikuwa mtu wa haki, mkali kidogo, na watu walimwamini na mali zao na roho zao. Mwaka mmoja alimpeleka dada yake mkubwa, Bi Mwanatumu, kuhiji. Bi Mwanatumu alikuwa mjane, mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyemlea Shekue tangu mama yao alipofariki. Huko Hijazi alinunua kitambaa cheupe, akakichovya maji ya Zamzam na kukianika, akakikunja vizuri kiwe sanda yake siku yake itakapofika. Mahujaji wengi hufanya hivyo.

Katika kurudi, siku ya nane tangu waiache Adeni, wakapigwa na tufani. Mlingoti ukavunjika katikati. Wakafunga tanga dogo kwenye kipande kilichobaki, wakaenda hivyo hivyo, wakisukumwa na mkondo wasioujua unaelekea wapi. Mawingu yalifunga mbingu usiku na mchana, na nahodha asiyeona nyota ni kama mtu aliyefumbwa macho sokoni. Alikisia. Siku nyingine alisema wamesukumwa mashariki mno, siku nyingine alinyamaza tu. Mabaharia wake saba walimtazama usoni kila asubuhi, wakitafuta humo jibu, wasilione.

Siku ya thelathini, Bi Mwanatumu akashikwa na homa. Siku ya thelathini na sita, pipa la mwisho la maji likabaki na tope. Nguo zake zote zilikuwa zimelowa chumvi na kuoza, ikabidi wamfunike kwa kile kitambaa cheupe, maana ndicho pekee kilichokuwa kikavu na safi. Hakuweza tena kuzungumza. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ulimi umevimba.

Siku ya thelathini na nane, jua limekwisha panda, wakaona kisiwa.

Kilikuwa cha chini, kijani, na mchanga mweupe ukikizunguka. Wakatia nanga. Serahangi wa jahazi, yaani mkuu wa mabaharia, mtu mzima aitwaye Lali, akataka kupiga kelele za furaha, lakini nahodha akamzuia.

"Sikilizeni," akasema Shekue. "Nchi hii siijui. Kwa hesabu yangu tumetupwa mbali sana, ng'ambo ya visiwa vyote ninavyovijua. Tukishuka, asifungue mtu kinywa chake. Hata kwa salamu."

"Hata kwa salamu?" Lali akauliza.

"Hasa kwa salamu. Nilipokuwa kijana tulishuka pwani moja ya mbali kutafuta maji. Mwenzangu Famau alitangulia, akaona watu, akawaita kwa salamu kama tunavyoitana sisi. Sijui neno lile kwao lina maana gani. Walimpiga mshale wa koo kabla hajalimaliza. Nilimshika mikononi mwangu. Kwa hiyo leo tutaonyesha kwa mikono, taratibu, na hakuna atakayekufa."

Mabaharia wakaitikia. Ni nani angebishana na jambo kama lile?

Wakashuka kwa mashua watu wanne: nahodha, Lali na wengine wawili. Walipokanyaga mchanga, nchi ikaanza kwenda chini yao. Mtu aliyekaa baharini siku nyingi miguu yake husahau kusimama, na wao walikuwa hawajala vizuri kwa majuma mawili. Wakawa wanayumba. Mmoja akaanguka, akakaa mchangani akiushika kwa mikono miwili ili usimkimbie. Nahodha mwenyewe alitembea kama anayepanda ngazi isiyokuwepo.

Waliingia ndani kidogo, wakakuta njia ya miguu. Pembeni mwa njia palikuwa na dema la kuvulia samaki limeanikwa juu ya kichaka. Lali akaliinamia, akalipapasa.

"Nahodha," akanong'ona, "dema hili limesukwa kama la kwetu. Tazama mlango wake."

"Samaki ni samaki kila mahali," Shekue akajibu. "Na mtego ni mtego."

Wakaenda mbele. Wakakuta kifuo cha kufulia nazi kimesimikwa ardhini, na makumbi mabichi ya nazi yamezagaa pale. Lali akakitazama kifuo, akamtazama nahodha. Nahodha akatikisa kichwa. Juu yao minazi ilikuwa imebeba.

"Tuangue madafu mawili tu, tumpelekee Bi Mwanatumu," akasema Lali.

"Mnazi una mwenyewe. Tukiangua tutakuwa wezi kabla hatujawa wageni. Hujui hapa mwizi anafanywa nini."

Lali hakuridhika. Baadaye, katika uzee wake, alisema kwamba saa ile kichwa chake kilikuwa kama chumba chenye watu wawili wanaogombana. Mmoja alisema, hapa ni kama kwetu. Mwingine alisema, nahodha anajua zaidi yako. Na kila alipokaribia kumsikiliza yule wa kwanza, nchi iliyumba tena, akaona hata macho yake hayafai kuaminiwa.

Njia ikawatoa kwenye shamba la muhogo. Watu wapatao kumi walikuwa humo wakipalilia, wanaume vifua wazi, wanawake wamejitanda kaniki. Mbele yao alikuwa mzee mmoja, Vuai, na dada yake Bi Somoe. Huyu Bi Somoe alikuwa mkunga wa kisiwa na mwosha maiti wa wanawake. Watu walikuwa na desturi ya kusema kwamba Fumbwe, ndicho kisiwa hicho, huingii wala hutoki bila kupita mikononi mwake.

Watu wa shamba wakainuka, majembe mikononi. Wakaona wanaume wanne, ndevu zimejisokota, ngozi imebabuka, wakiyumba kama walevi. Mzee Vuai akafungua kinywa awasalimu.

Saa ile ile nahodha Shekue akawageukia watu wake, akaweka kidole midomoni kuwakumbusha agizo lake la kunyamaza.

Mzee Vuai akafunga kinywa.

"Hawasemi hawa," akamnong'oneza dada yake. "Ni mabubu."

"Wote wanne?" Bi Somoe akanong'ona.

"Wameonyesha kwa kidole. Au wana nadhiri. Tusiwaaibishe. Tuwajibu kama wanavyosema wao."

Watu wa Fumbwe wana adabu, na adabu yao siku ile ilikuwa msiba. Shamba zima likanyamaza. Nahodha akaona watu kumi wamesimama mbele yake bila salamu wala neno, akazidi kuamini kwamba amefika nchi isiyojua lugha yake.

Akaanza kuonyesha. Akagusa midomo yake na kutikisa kichwa, maana yake tuna kiu. Mzee Vuai akainamisha kichwa kwa huruma: naam, tumekwisha elewa, hamsemi. Nahodha akaelekeza mkono baharini, kisha akavuta kipande cha shuka yake kichwani kama mtandio, kuonyesha kwamba huko kuna mwanamke. Akalaza shavu juu ya kiganja na kufumba macho: amelala, mgonjwa. Kwa kuwa yule alikuwa dada yake na mama yake kwa pamoja, machozi yakamtoka bila kukusudia.

"Wana maiti," Bi Somoe akanong'ona. "Mwanamke."

Nahodha akafanya kama anayemimina maji kutoka kwenye kata, akamimina tena na tena, akiomba maji.

"Anataka tumwoshe."

Kisha akaelekeza kidole ardhini, na kuinua nyusi. Alikuwa anauliza: tumlete hapa?

Mzee Vuai akaweka mkono kifuani. Akaitika kwa kichwa mara tatu, polepole, kama mtu anayekubali ombi zito. Akaelekeza ardhini naye, kisha akawaonyesha vijana wenye majembe.

"Wamefahamu," nahodha akawanong'oneza wenzake walipokuwa wakirudi mashuani. Kwa mara ya kwanza tangu tufani uso wake ulikuwa na nuru. "Mmeona? Bila neno hata moja."

Walipokwisha kukaa mashuani ndipo Lali akasema, "Nahodha, nimemsikia yule mama akisema 'maskini'."

"Neno hilo limetembea dunia nzima. Hata Wahindi wanalo."

"Akasema na 'jamani'."

"Masikio yako yana maji ya chumvi, Lali. Vuta kasia."

Wakamshusha Bi Mwanatumu, amefunikwa kitambaa chake cheupe toka unyayo mpaka kidevuni, na kwa sababu ya jua kali wakamvutia nguo hiyo juu ya uso. Walipofika pwani wakakuta watu wengi wanawangoja, wamesimama kwa safu, kimya, wameinamisha vichwa. Wanaume wanne wakatoka na kitanda chenye miguu mirefu. Nahodha akashangaa kidogo kuona kitanda hakina godoro wala mto, lakini akajiambia kwamba kila nchi na vyombo vyake. Wakampokea dada yake kwa mikono ya upole ambayo hata yeye hakuitarajia. Wengine walikuwa wanalia.

"Wanamlilia mtu wasiyemjua," akawaza. "Watu gani hawa?"

Walimpeleka hadi uani kwa Bi Somoe. Uzio wa mikeka ulikuwa umesimamishwa upesi upesi, na nyuma yake wanawake watatu wakaingia na mitungi ya maji. Harufu ya kafuri ikatoka. Nahodha aliijua harufu ile ya msibani, lakini akajiambia huenda kwao ni dawa ya homa. Aliambatana na kitanda mpaka mlango wa uzio, hapo akazuiwa kwa kiganja cha adabu. Akakaa chini, asijue akae vipi. Mbele yake mzee Vuai naye akakaa, akamshika mkono, akaubana. Kwa nini mzee huyu anamshika mkono? Kwa nini kila mtu anamtazama hivi?

Lali hakukaa. Aliwaona vijana wa majembe wakielekea nyuma ya nyumba, akawafuata kwa mbali. Alirudi kwa hatua za haraka. Akachutama karibu na nahodha na kumnong'oneza sikioni.

"Wanachimba kaburi."

"Kaburi la nani?"

"Ni moja tu. Tayari liko kiunoni."

Shekue akautazama mkono wake ulivyokuwa ndani ya mkono wa mzee Vuai. Akahisi umeshikwa kama mtego ulivyoshika samaki. Kila alichokiona tangu asubuhi kikajipanga upya kichwani mwake, na mpango mpya ulikuwa wa kutisha: wale watu hawakumfahamu kamwe, wamemchukua dada yake wamzike hai, pengine ndiyo desturi yao kwa wagonjwa wageni, na ni yeye aliyewakabidhi kwa mikono yake. Akaanza kuutafuta mpini wa kisu chake kwa mkono wa pili. Wapige kelele? Wapigane watu wanne na kijiji kizima? Wakimbie na kumwacha? Hakujua.

Nyuma ya uzio, Bi Somoe alikuwa amepiga magoti. Alifunua kitambaa usoni mwa yule mgeni, akasoma dua yake, akachota maji kwa kata. Kwanza akamimina juu ya mkono wa kulia. Akaona vidole vinajikunja. Bi Somoe alikuwa ameosha maiti miaka thelathini, na hakuwa amepata kuona jambo kama hilo, lakini mkono wake ulikwisha zoea kwenda mbele. Akalowesha kiganja na kupangusa mdomo.

Ulimi ukatoka, ukafuata maji.

Wanawake wawili waliomsaidia wakaruka juu ya mitungi wakatoka nje ya uzio. Bi Somoe alibaki alipo. Akaweka kata kwenye midomo ile iliyopasuka, akaiinamisha kidogo kidogo, na kila tone likamezwa. Baada ya kata ya pili Bi Mwanatumu akafumbua macho.

"Nipe ninywe," akasema kwa sauti nyembamba kama uzi. "Usinimwagie mkononi. Ni uharibifu."

"Mwenzangu," akasema Bi Somoe, "wewe hukufa?"

"Bado. Nani amekwambia nimekufa?"

"Ndugu zako mabubu."

Bi Mwanatumu akafikiri. Akameza tena. "Ndugu zangu," akasema, "hawanyamazi hata wakilala."

Bi Somoe akasimama, mikono inachuruzika maji, akatoka mbele ya uzio. Akamkuta nahodha amekwisha simama na kisu nje ya ala, mzee Vuai ameanguka ubavu kwa kusukumwa, na vijana wa majembe wanakuja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Kidogo tu damu imwagike. Bi Somoe akapita katikati yao wote kama mtu anayepita katikati ya kuku.

"Bwana," akamwambia nahodha, "maiti yako inataka maji ya kunywa. Nimeipa kata mbili. Nataka kujua ina siku ngapi haijala, nisije nikaidhuru."

Kisu kikabaki hewani. Shekue akamtazama mdomoni, kana kwamba maneno yametoka mahali pengine.

"Wewe," akasema, "unasema?"

"Nasema tangu nilipoanza kusema. Na wewe?"

Lali ndiye aliyejibu, na alijibu akiwa amekaa chini, ameshika kichwa. "Siku nne hajala, mama. Ana homa tangu siku nane. Sisi sote tunasema. Tulikatazwa."

Kutoka nyuma ya mikeka ikasikika sauti ya Bi Mwanatumu. Alikuwa amesikiliza, na akili yake ilikuwa nyepesi kuliko mwili wake. "Shekue," akaita. "Umewaambia nini watu wa watu?"

"Sikuwaambia kitu, dada. Niliwaonyesha. Niliwaomba maji kwa mikono."

Sauti ile ikasema, taratibu, neno kwa neno, kwa sababu pumzi ilikuwa haba:

"Mwenye kinywa haulizi kwa kidole."

Ndipo palipotoka. Lakini bado sijamaliza.

Mzee Vuai aliinuka, akajipangusa mchanga, akaona kwamba mgeni wake ameketi na kisu kimemwanguka. Akakaa karibu naye tena, ila safari hii hakumshika mkono. Shekue akamwomba radhi, akamtajia jina lake na mji wake, akamweleza habari ya Famau na mshale. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimefahamu," akasema. "Aliyeona hayo ataogopa kusalimu. Lakini mwenzako huyu alitambua dema letu na kifuo chetu, amenieleza sasa hivi. Wewe nahodha, hukuvitambua?"

Shekue akachora mchangani, akafuta, akachora tena.

"Nilivitambua," akasema mwisho.

"Basi?"

"Siku thelathini watu saba na dada yangu wananitazama usoni. Nahodha akishuka pwani na kumuuliza mkulima 'hapa ni wapi', hapo amekoma kuwa nahodha. Nikaona ni heri hapa pawe mbali sana, nchi isiyojulikana na mtu, kuliko pawe karibu nami nisipajue. Sikuwa naogopa mshale peke yake, mzee. Nilikuwa naogopa jibu."

Watu wa Fumbwe hawakumcheka. Mzee Vuai akasema tu, "Basi uliza sasa. Hakuna anayekusikia ila mimi." Na hiyo haikuwa kweli, maana kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale.

"Hapa ni wapi?"

"Ni Fumbwe. Kwenu Pangoni ni siku mbili, upepo ukiwa wa kawaida. Juma lililopita nilipeleka chokaa huko. Mkeo anakusubiri. Watu walianza kusema umekufa, yeye akakataa matanga."

Shekue akafunika uso wake kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yake yakitikisika. Hapakuwa na mtu aliyejua kama analia au anacheka, na Lali aliyekuwa karibu zaidi alisema hata yeye hakujua.

Likabaki jambo la kaburi. Kwa watu wa Fumbwe, kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, linaita mtu wa kulijaza. Wakakata shina la mgomba, wakalifunga vipande vya mkeka, wakalilaza humo. Shekue aliomba afukie yeye mwenyewe. Alifukia mpaka juu, akasawazisha kwa mikono, akitoa jasho, na kila aliyetaka kumsaidia alimwambia hapana, hili ni langu.

Bi Mwanatumu alipona kwa uji wa Bi Somoe siku ya tisa. Jahazi likawekewa mlingoti mpya wa mti wa Fumbwe, wakaaga, wakaondoka.

Walipofika Pangoni ilikuwa adhuhuri, na pwani ilijaa watu, kwa kuwa jahazi lile lilijulikana tangu kwenye mkono wa bahari. Palikuwepo mkewe Shekue, wajomba, na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Shekue akasimama omoni, mbele kabisa ya jahazi, akaweka mikono kinywani, akawaita kwa salamu kwa sauti kubwa. Wakaitikia. Kisha, mbele ya mji aliozaliwa na minara yake anayoijua kwa majina, akauliza:

"Jamani, hapa ni wapi?"

Watu wakatazamana. Wengine walidhani bahari imemwondolea akili. Lakini mwalimu wake mzee akatoka mbele mpaka maji yakamfika magotini, akamjibu kwa upole:

"Ni kwenu, Shekue."

Na Lali alisema hakupata kumwona mtu aliyefurahi kupewa jibu kama yule. Mwenye kinywa, wajukuu zangu, haulizi kwa kidole.